Plagi nyeusi, injini inakohoa: uchambuzi wa Beetle ya 1600 yenye kabureta ya Solex 34 PICT-3

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle yenye injini ya 1600, ile ambayo kila hedi ina matundu mawili ya kuingizia mchanganyiko, tundu moja kwa kila silinda. Kabureta ni Solex 34 PICT-3. Malalamiko yalikuwa matatu. Ukiondoka kwa gia ya kwanza, ukikanyaga mafuta injini inazubaa, inakohoa kupitia kabureta, ndipo inashika. Ikishapata moto haikai sailensa, ule mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta, yaani ukitoa mguu kwenye pedeli mzunguko unapanda, unashuka, kisha inazima. Na inakula petroli kuliko zamani, huku plagi zote nne zikitoka nyeusi, zimejaa masizi makavu.

Dalili hizi hazikubaliani, na hapo ndipo mafundi wengi hupotea. Injini inayokohoa kuelekea kwenye kabureta kwa kawaida inapata mchanganyiko mwepesi: hewa nyingi, petroli kidogo, moto unaenda polepole mpaka unakuta valvu ya kuingizia imeanza kufunguka tena. Plagi yenye masizi makavu inasema kinyume, kwamba petroli imezidi. Gari hili lilikuwa na yote mawili kwa wakati mmoja, kila moja katika sehemu yake ya kazi ya kabureta. Mchanganyiko ulikuwa mwepesi pale kipepeo, bamba linalofungua na kufunga njia ya hewa kwenye kabureta, kinapoanza kufunguka, na mzito gari linapokuwa kwenye mwendo. Fundi anayejua jibu moja tu, kupunguza petroli au kuongeza, ataharibu upande mmoja kila anapotengeneza mwingine.

Ndivyo ilivyokuwa hapa. Distributa ya asili, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, ilikuwa imetolewa, ikawekwa ya aina ya 009 isiyo na kopo la vakyumu, lile linalosogeza moto mbele kwa mvuto wa hewa ya injini. Injini ilipoanza kuzubaa, taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, ikasogezwa mbele. Haikutosha, skrubu ya kusimamisha kipepeo ikakazwa ili sailensa ipande. Bado ikakohoa, jeti kuu, tundu linalopima petroli ya mwendo, ikapanuliwa kwa kuchimbwa. Kila tiba ilificha dalili ya ile iliyotangulia, na kabureta ikabebeshwa lawama zote.

Kabla ya kugusa chochote ni lazima kujua injini hii inatakiwa iweje. Ni silinda nne zilizolala, mbili kila upande, zinazopozwa kwa hewa. Ujazo ni cc 1584, kipenyo cha silinda mm 85.5 na mwendo wa pistoni mm 69. Toleo la Ulaya lina kompresheni ya 7.5 kwa 1 na nguvu ya farasi 50 kwenye mizunguko 4000 kwa dakika. Silinda namba 1 ni ya kulia mbele, namba 2 kulia nyuma, namba 3 kushoto mbele, namba 4 kushoto nyuma, ukihesabu kulia na kushoto kama dereva aliyekaa kwenye kiti. Mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2 na rota inazunguka kufuata mshale wa saa. Nafasi ya valvu, za kuingiza na za kutolea, ni mm 0.15 injini ikiwa ya baridi. Platini, swichi ndogo ya ndani ya distributa inayokata umeme ili cheche itoke, mm 0.4, au pembe ya kufunga ya digrii 44 hadi 50. Plagi mm 0.6 hadi 0.7. Sailensa mizunguko 800 hadi 900. Oili ni lita 2.5 tu, na haina filta ya karatasi, ni chujio la waya peke yake. Ndiyo maana oili ya injini hii haivumilii kucheleweshwa kubadilishwa.

Uchunguzi ulianza mbali na kabureta, na mpangilio huo si suala la ladha ya fundi. Kabureta hupimwa kwa kusikiliza injini. Kama kompresheni, valvu na moto haviko sawa, unachosikiliza si kabureta.

Kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, ilipimwa injini ikiwa ya moto, plagi zote nne nje, kipepeo kimefunguliwa mpaka mwisho, betri ikiwa na chaji ya kutosha. Silinda 1, 2 na 4 zilikaribiana, kati ya bari 7.4 na 7.6. Namba 3 ikatoa 6.6. Pungufu kama hilo kwenye silinda moja halimaanishi moja kwa moja ringi zimekwisha. Kwenye injini hii swali la kwanza kuhusu silinda namba 3 ni valvu yake ya kutolea moshi. Ndiyo silinda iliyosumbuliwa na joto kwa miaka mingi, kwa sababu kwenye injini za zamani kipozea oili kilisimama kwenye njia ya hewa yake. Kuanzia 1971 kipozea kilihamishiwa kwenye kasha lake la pembeni, hali ikaboreka, lakini tabia ya kuanza na namba 3 inabaki kuwa nzuri.

Injini ikalala usiku kucha. Valvu hizi hazirekebishwi hata injini ikiwa vuguvugu, maana hedi na silinda zinatanuka kwa joto na nafasi utakayopima itakudanganya. Asubuhi kifuniko cha distributa kilitolewa, puli ikazungushwa mpaka alama yake ya juu ikae sawa na mstari unaogawa bloku, na rota ielekee kwenye mkato mdogo wa ukingo wa distributa. Hapo pistoni ya silinda namba 1 iko juu, yaani mwisho wa mwendo wake, valvu zote mbili zimefungwa. Ukishamaliza namba 1 unarudisha puli nyuma, kinyume cha saa, nusu mzunguko, unapata namba 2. Nusu nyingine, namba 3. Nusu nyingine, namba 4. Kurudi nyuma kunakupa mfululizo wa 1, 2, 3, 4 bila kichwa kuuma.

Nafasi saba zilikuwa kati ya mm 0.12 na 0.18. Ya nane, kutolea moshi namba 3, hata bamba la mm 0.05 la fila geji, kile kipimo cha mwanya, halikuingia. Valvu ilikuwa haikai vizuri kwenye kiti chake. Valvu ya kutolea hupoza kichwa chake kwa kugusa kiti. Isipogusa, joto halina pa kwenda. Kichwa kinalegea, shina linavutika, nafasi inazidi kupungua, na mwisho wake ni kichwa kukatika na kuangukia juu ya pistoni. Ndiyo sababu nafasi inayokaza inatisha kuliko inayolegea. Valvu inayopiga kelele inakuomba muda, ila iliyonyamaza kabisa inaweza kuwa inakufa.

Zote zikawekwa mm 0.15. Fila geji iteleze kwa ukinzani mdogo, nati ya kufungia ikazwe huku bisibisi imeshikilia skrubu, kisha upime tena, kwa kuwa kukaza nati mara nyingi kunasogeza skrubu kidogo. Gasketi mpya za kifuniko cha valvu ziliwekwa bila gundi. Kompresheni iliporudiwa injini ikiwa ya moto, namba 3 ilitoa 7.3. Kwa hiyo ringi ziko salama. Valvu yenyewe inabaki chini ya uangalizi.

Swali ni kwa nini joto lilizidi. Jibu lilipatikana kwenye moto. Taa ya taimingi yenye kupima digrii iliwekwa, injini ikapandishwa hadi mizunguko 3500, na moto ukaonekana ukiwaka digrii 38 kabla ya pistoni kufika juu. Distributa ya 009 inatakiwa iwe kati ya 28 na 32 pale inapokuwa imemaliza kusogeza moto, basi. Digrii zile za ziada hazisikiki sana kwa sikio kwenye injini inayopozwa kwa hewa, maana feni na mlio wa eksozi vinafunika mgongano wa ndani ya silinda. Hedi ndiyo inayolipa.

Platini nazo zilikuwa na pembe ya kufunga ya digrii 38, yaani nafasi kubwa mno. Koili inayozalisha umeme wa cheche haikupata muda wa kujaa, cheche zikawa dhaifu, na petroli ambayo haikuchomwa vizuri ikachangia masizi. Upande mmoja wa platini ulikuwa na kichuguu kidogo na mwingine shimo linalolingana nacho, alama inayoelekeza kwenye kondensa, kifaa kidogo kinachozuia platini kuunguzwa na cheche. Hizo huwekwa mpya kwa pamoja. Kipande kinachosugua kamu ya distributa kilikuwa kimekauka. Kinahitaji grisi kidogo, kiasi cha punje ya mchele, la sivyo kinalika na nafasi inafunga yenyewe ndani ya muda mfupi, taimingi ikihama nayo. Kumbuka mpangilio: platini kwanza, taimingi baadaye. Ukigusa nafasi ya platini, taimingi uliyokwisha kuiweka haipo tena.

Sasa kuhusu hiyo 009. Si distributa mbovu. Ni rahisi, imara, na kwenye kabureta nyingine inafanya kazi yake bila matatizo. Kasoro ni kuioanisha na 34 PICT-3. Kabureta hii ilitengenezwa kwa distributa yenye kopo la vakyumu, na kitundu cha vakyumu kiko juu kidogo ya ukingo wa kipepeo kilichofungwa. Sailensa, kitundu kimefichwa. Mguu unapogusa pedeli, ukingo unakipita, vakyumu inavuta, moto unasogea mbele papo hapo kabla hata mizunguko haijapanda. Hicho ndicho kinachohitajika, kwa sababu mchanganyiko wa wakati huo ni mwepesi na unawaka polepole, hivyo lazima uwashwe mapema. Distributa ya 009 inategemea uzito unaotanuka kwa mzunguko peke yake. Inangoja injini ipande ndipo isogeze moto, wakati injini nayo inangoja moto usogee ndipo ipande. Matokeo ni kule kuzubaa.

Ikarudishwa distributa yenye kopo la vakyumu na uzito pamoja. Kabla ya kuifunga, mpira wa kopo ulijaribiwa: unafyonza bomba kwa mdomo, unaona sahani ya platini inasogea, unaziba kwa ulimi. Ikirudi yenyewe, diaframu imepasuka na hakuna haja ya kuendelea nayo. Hii ilikaa. Taimingi ikawekwa digrii 7.5 kabla ya juu, kwenye mizunguko 850, bomba la vakyumu likiwa limetolewa na kuzibwa. Kisha ikahakikiwa kwenye mizunguko zaidi ya 3000, bomba likiwa bado nje, ikasoma 30. Kipimo cha pili ndicho cha kuaminiwa zaidi kwenye distributa yenye umri, kwani springi za uzito zikichoka, sailensa inaweza kusoma vizuri na huko juu pakawa pabaya. Kuna injini za aina hii zilizopelekwa Marekani ambazo zinawekwa digrii 5 baada ya juu, bomba zikiwa zimeunganishwa, kwa sababu distributa zake zina kopo la mabomba mawili. Namba ya taimingi inafuata distributa iliyofungwa hapo, si mwaka wa gari.

Kilichofuata ni kuvuta hewa mahali pasipotakiwa. Hewa inayoingia chini ya kabureta haikupimwa na jeti yoyote, inapunguza nguvu ya mchanganyiko, na athari yake ni kubwa zaidi kwenye sailensa kwa sababu hapo injini inatumia hewa kidogo. Injini iliwashwa, kiowevu cha kusafishia kabureta kikapulizwa kidogo kidogo kwenye maungio, ukiangalia mizunguko. Usifanye hivyo karibu na nyaya za plagi zinazovuja cheche, uwe na kizimamoto mkononi, na usitumie petroli kwa brashi. Mizunguko ilibadilika sehemu mbili. Ya kwanza ni mpira unaounganisha sehemu ya kati ya manifoldi na kipande cha kushoto, kinacholisha silinda 3 na 4: ulikuwa umepasuka upande wa chini, ambako macho hayafiki. Ya pili ni ekseli ya kipepeo, pale inapotokea kwenye mwili wa kabureta.

Mipira yote miwili ya manifoldi ibadilishwe kwa pamoja, pamoja na gasketi za kwenye hedi na ya chini ya kabureta. Ekseli ni kazi kubwa kidogo. Ukiishika kwa vidole na kuitikisa juu chini, ikicheza hadi unaona mwanya ukifunguka na kufungana, hakuna gasketi itakayokusaidia. Mwili wa kabureta unachongwa na kuwekewa bushi za shaba, kazi ya mashine ya kuchongea, kwa sababu matundu mawili yakitofautiana hata kidogo kipepeo kitakwama. Kipepeo chenyewe kina mwelekeo. Kikirudishwa kinyume hakifungi, na skrubu zake mbili lazima zifungwe zisiweze kulegea, maana zikidondoka zinaishia ndani ya silinda.

Manifoldi ilipokuwa nje, ilikuwa zamu ya bomba jembamba linalopita chini yake. Bomba hilo hubeba moshi wa eksozi kutoka upande mmoja hadi mwingine ili kupasha moto katikati ya manifoldi, chini ya kabureta kabisa. Watu wengi hawalijali. Bila joto hilo, petroli inayotoka kwenye kabureta inagusa ukuta wa baridi na kuganda kuwa matone. Unapokanyaga mafuta, hewa inafika kwenye silinda na petroli inabaki ukutani. Kwenye gari hili, baada ya dakika kumi na tano za injini kuzunguka, sehemu ya kati ya manifoldi ilikuwa na umande wakati ncha za bomba zilikuwa zinachoma. Bomba lilikuwa limezibwa na kaboni mwanzo hadi mwisho.

Kulizibua kunahitaji subira. Waya wa chuma wa kusuka, ncha yake ikiwa imefumuliwa, unafungwa kwenye drili na kusukumwa taratibu kutoka pande zote mbili. Penye kona, moto wa gesi nje ya bomba unaifanya kaboni iwe kavu na ivunjike. Ukisikia hewa inapita kwa kupuliza, bado haitoshi, inatakiwa ipite bila kujikaza. Wakati wa kurudisha, angalia gasketi mbili za ncha zake. Kwenye injini hizi upande mmoja una tundu kubwa na mwingine dogo, na tofauti hiyo ndiyo inayolazimisha moshi utembee. Ukiweka tundu kubwa pande zote, msukumo unalingana na joto haliji.

Baada ya hayo yote ndipo kabureta ikafunguliwa. Namba kwenye jeti za Solex ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo jeti kuu ya 127.5 ina tundu la mm 1.275 na biti ya mm 1.3 haitakiwi kupita. Kwenye jeti iliyotoka hapa biti ya mm 1.5 ilipita ikicheza, na ndani kulikuwa na mikwaruzo ya mzunguko iliyoonekana wazi chini ya lenzi. Petroli haipimwi na ukubwa wa tundu pekee, ulaini wa kuta na umbo la mdomo wake vina kazi pia, kwa hiyo jeti iliyochimbwa haitengenezeki. Ikatupwa, ikaja mpya ya 127.5. Masizi kwenye plagi yalitoka hapa zaidi ya kwingine kokote. Plagi husoma hali ya mwendo uliotoka kuendeshwa, na mwendo unalishwa na jeti kuu.

Jeti ya sailensa, namba 55, ilikuwa na uchafu laini wa kahawia. Inasafishwa kwa hewa na kiowevu chake, kamwe si kwa waya. Solenoidi yake, kifaa cha umeme kinachofunga petroli ya sailensa swichi ikizimwa, inajaribiwa swichi ikiwa imewashwa, injini haizunguki: chomoa waya na uurudishe, lazima usikie mlio mfupi wa kugonga. Bila mlio, angalia kwanza kama umeme unafika.

Pampu ndogo ya kuongezea mafuta ilipimwa kwa kukusanya petroli ya mikanyago kumi kwenye kichupa chenye alama. Inatakiwa iwe karibu na cc 1.6 kwa mkanyago mmoja, jumla takriban 16. Hapa zilitoka 9. Diaframu yake ilikuwa imekakamaa, jambo la kawaida kwa mpira wa zamani unaokutana na petroli yenye ethanoli. Baada ya diaframu mpya ikatoa 15.5. Angalia pia mchirizi unapogonga. Unatakiwa ushuke kwenye mwanya wa kipepeo kinachofunguka. Ukigonga ukuta wa koo la kabureta, sehemu ya petroli inachelewa, na kuzubaa kunabaki hata kiasi kikiwa sahihi. Kibomba chake kinapindwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa kikilegea hakiaminiki tena.

Ncha ya skrubu ndogo ya mchanganyiko ilikuwa na pete iliyochimbika, ishara ya mtu aliyeikaza hadi mwisho kwa nguvu. Skrubu mpya. Choki ya kujiendesha, inayopashwa na umeme wa volti 12, ilikuwa nzima: ilifunguka kabisa ndani ya dakika chache.

Kuna kitu kingine kwenye kabureta hii ambacho hakikuhusiana na malalamiko, lakini hakiwezi kuachwa. Kibomba cha shaba kinachoingiza petroli kimepachikwa tu kwenye mfuniko wa kabureta, hakina uzi. Miaka ikipita kinalegea. Siku kikichomoka, pampu inaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto, jirani na distributa. Kishike kwa koleo na ujaribu kukizungusha. Kikizunguka, kisirudi barabarani hivyo. Mfuniko ukatwe uzi na kiwekwe kibomba cha kufunga kwa skrubu. Mpira wa petroli nao, wa tundu la mm 5, ubadilishwe ukianza kupasuka nyuzi za nje, na chujio la plastiki lisining'inizwe juu ya injini.

Sasa marekebisho ya mwisho, sehemu ambayo 34 PICT-3 huharibiwa zaidi. Kabureta za Solex za awali sailensa yake ilirekebishwa kwa skrubu ya kusimamisha kipepeo. Hii haifanyi hivyo. Hewa ya sailensa ina njia yake ya pembeni, na kipepeo kinabaki kimefungwa karibu kabisa. Karibu na ukingo wake kuna vitundu vya mpito vinavyofunuliwa mguu unapoanza kukanyaga. Ukikaza skrubu ya kipepeo ili sailensa ipande, vitundu vinafunuka mapema na kuanza kutoa petroli muda wote. Ukija kukanyaga, havina cha kuongeza. Kitundu cha vakyumu nacho kinakuwa kimefunuliwa kabla ya wakati. Kwenye gari hili skrubu hiyo ilikuwa imeingizwa karibu mizunguko miwili zaidi.

Injini iwe ya moto na choki imefunguka yote, skrubu ya kipepeo ikiwa imesimama mbele ya hatua ya chini kabisa ya kamu yake. Ilegeze mpaka iachane na kamu, irudishe taratibu mpaka iguse tu, ongeza robo mzunguko. Hapo imeisha, usiiguse tena. Skrubu ndogo ya mchanganyiko ikaze kwa vidole mpaka itulie, kisha itoe mizunguko miwili na nusu. Washa. Skrubu kubwa ya njia ya pembeni iweke injini kwenye 850. Rudi kwenye ile ndogo, itafute sehemu inayotoa mzunguko wa juu kabisa, halafu iingize polepole mpaka mizunguko ishuke kwa 20 hadi 30. Malizia kwa ile kubwa, 850 tena. Kama skrubu ndogo inahitaji kutolewa zaidi ya mizunguko mitatu na nusu ndipo injini itulie, bado kuna hewa inavutwa mahali au jeti ya 55 haijasafishika. Kabla ya kazi hii ilikuwa imetolewa mizunguko minne na zaidi, kufidia mpira uliopasuka na ekseli iliyolika. Baada ya kazi ilitulia kwenye miwili na robo.

Kukohoa kuliisha. Kuzubaa kuliisha injini ikiwa ya moto. Ikiwa ya baridi kulibaki kidogo sana kwa dakika mbili au tatu za mwanzo, mpaka bomba la chini ya manifoldi lipate joto, na kwa injini hii hilo ni la kawaida. Plagi mpya, baada ya mwendo wa kutosha kwenye barabara ya wazi na injini kuzimwa bila kuachwa sailensa, zilitoka na rangi ya kahawia iliyopauka, namba 3 ikiwa nyeupe kidogo kuliko wenzake.

Weupe huo ndio uliobaki mezani. Valvu ya kutolea namba 3 ipimwe tena baada ya kilomita 500, injini ikiwa ya baridi kabisa, kabla ya safari yoyote ndefu. Ikisoma mm 0.15 au karibu na hapo, ilikuwa imekazwa vibaya tu na fundi aliyetangulia, na itarudi kwenye ratiba ya kawaida ya kila kilomita 5000. Ikiwa imepungua hadi mm 0.10 au chini, shina linavutika au kiti kinazama, na kuirekebisha tena ni kuahirisha kukatika kwake. Hapo hedi ya kushoto inatoka, valvu mbili za kutolea zinawekwa mpya, na miongozo yake inapimwa kabla ya kitu chochote kurudishwa.